Hatua Iliyofungwa: shajara ya filamu ya sataranji, Mji Mkongwe

Filamu ni ya dakika 95, ya Kiswahili, na mambo yake yote yanatokea Unguja kati ya Machi na Septemba 1960. Karani wa serikali, fundi wa bao tangu ujana, anafundishwa sataranji na Maalim wake, na mchezo unamshika hadi anapoteza kazi, usingizi na watu wake. Klabu, mashindano na wahusika ni vya kubuni. Mji, mwaka na sheria za mchezo si vya kubuni, na hapo ndipo kazi yetu kubwa ilipo. Shajara inaandikwa kila mwisho wa wiki na watu wa mswada, wa vifaa na wa mwendelezo (wanaohakikisha kila shoti inaoana na iliyotangulia).

Ili tusichanganyane: humu kete ni za mchezo wa bao. Za sataranji tunaziita vipande, nazo ni mfalme, malkia, ngome, tembo, farasi na kitunda, kile kidogo ambacho kikifika mwisho wa bao kinageuka malkia.

Wiki ya 1: mwaka

Mswada wa mwanzo ulisema tu "miaka ya sitini". Haitoshi. Picha ya ukutani ofisini ni ya Sultani yupi? Bendera ipi? Sarafu gani mezani? Tumefunga mwaka kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya hapa. Sayyid Khalifa bin Harub alifariki tarehe 9 Oktoba 1960. Filamu ikimalizika Septemba, picha ya ukutani ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, na bendera ni ile nyekundu tupu. Tungesogea hadi Juni 1961, uchaguzi na fujo zake vingekaa mbele ya kila sini (onyesho) na mtazamaji asingeliona tena bao la sataranji. Fedha ni shilingi ya Afrika Mashariki, iliyochukua nafasi ya rupia mwaka 1936. Wazee kwenye mazungumzo wanaruhusiwa kutaja rupia, vijana hapana. Sarafu ya senti 10 ina tundu katikati, na tumepata sita za kweli.

Ya pili ni ya mchezo wenyewe. Kati ya Machi na Mei 1960, kule Moscow, Mikhail Tal, kijana wa miaka 23, alimvua ubingwa wa dunia Mikhail Botvinnik kwa 12½ kwa 8½. Katika mchezo wa sita, hatua ya 21, Tal mwenye vipande vyeusi alimtoa farasi wake bure kwenye mraba wa f4 (herufi a hadi h ni safu za wima, namba 1 hadi 8 ni za mlalo, zikihesabiwa kutoka upande wa mweupe). Ukumbi ukapiga kelele hadi wachezaji wakahamishiwa chumba cha ndani. Karani wetu anaisoma hatua hiyo kwenye gazeti lililofika kwa meli, limechelewa wiki kadhaa, na usiku ule hafumbi macho.

Kuna mtego hapo. Gazeti la Kiingereza la wakati ule halikuandika Nf4. Liliandika Kt-B5, Kt ikiwa farasi na B tembo. Mfumo wa zamani wa Kiingereza unahesabu mraba kutoka upande wa anayecheza, kwa hiyo f4 ya leo, kwa mweusi, ni mraba wa tano wa safu ya tembo wa mfalme. Shirikisho la kimataifa la sataranji lilikuja kuutambua mfumo wa herufi na namba peke yake mwaka 1981. Kila karatasi, ubao na gazeti kwenye filamu hii vitaandikwa kwa mfumo wa zamani, na farasi ni Kt. Tumepitia mswada mzima na kubadilisha mahali 31.

Wiki ya 2: nafasi ya vipande vinne

Uraibu wa mchezo hauonyeshwi kwa kumfanya mtu ashike kichwa mbele ya kamera. Tulihitaji kitu kimoja kidogo ambacho karani anakirudia kila mahali, na mtazamaji asiyejua sataranji akielewe kwa dakika mbili. Tumechagua nafasi ya mchezaji wa sataranji Richard Réti ya mwaka 1921.

Iko hivi. Mweupe: mfalme h8, kitunda c6. Mweusi: mfalme a6, kitunda h5. Mweupe anaanza. Kitunda cheusi kimebakiza hatua nne kuwa malkia na mfalme mweupe yuko nyuma yake, hakifikii. Kitunda cheupe nacho kinaliwa na mfalme mweusi aliye jirani. Kila anayetazama anasema mweupe amekwisha. Kumbe ni sare. Mfalme anashuka mshazari: g7, kisha f6, kisha e5. Hatua ya mshazari inamshusha chini na kumsogeza pembeni kwa pamoja, bila kulipia mara mbili. Akifika e5 ana njia mbili. Mweusi akikila kitunda cha c6, mfalme mweupe anakwenda f4 na kukikamata cha h. Mweusi akikimbiza cha h, mweupe anakwenda d6, na kila upande unapata malkia wake.

Maalim anaipanga barazani na kusema methali anayoijua kila mtu: mshika mbili moja humponyoka. Kisha anamsogeza mfalme mshazari, mara tatu, pole pole, na hasemi neno. Karani ndipo anapotekwa. Mswada wa kwanza ulikuwa na ukurasa mzima wa Maalim akieleza uzuri wa sataranji. Tumeufuta wote.

Nafasi hii inarudi mara tano. Ya nne ni usiku wa manane, sakafuni. Nyumba tuliyoipata ina vigae vyeupe na vyeusi vya sentimita 20. Wafalme ni vikombe viwili vya kahawa, vitunda ni kete mbili za komwe. Miraba minane ni mita 1.6 na inaenea. Angalizo la mpangaji wa seti: anzia kona ambayo kigae cha kuliani mwa mweupe ni cheupe, vinginevyo nafasi nzima inakuwa ya uongo.

Wiki ya 3: vipande

Tunahitaji seti mbili zinazofanana kabisa, moja ya kuchezewa na moja ya mtu wa mwendelezo, pamoja na malkia mmoja wa akiba kwa kila rangi katika kila seti. Vipande 68. Umbo ni la Staunton, lililoanza kuuzwa London mwaka 1849 na ndilo la mashindano hadi leo. Mfalme ana kimo cha milimita 95 na kitako cha 43. Mraba ni milimita 57. Kitako kikiwa robo tatu ya mraba, vipande havibanani wala havielei. Tulijaribu mraba wa 50 ili bao lienee kwenye meza ndogo, na kwenye picha ya karibu ikawa kama soko.

Vyeusi ni mpingo kutoka bara, usiotiwa rangi. Vyeupe ni mchungwa. Fundi wa kukereza, wa mtaa wa Ng'ambo, anakata magogo ya milimita 50 kwa 50 kwa 110, anachovya ncha zote mbili kwenye nta ya moto ili mti usikauke kwa kukimbilia nchani, kisha anakereza kwa mapumziko. Mpingo haupendi haraka. Patasi ikipata joto, ufa unatokea kichwani, pale pa msalaba wa mfalme. Wafalme watatu walipasuka siku ya kwanza, na wote watatu walikuwa na moyo wa mti katikati ya gogo. Tangu hapo kila gogo linakatwa pembeni mwa moyo, na hakuna kilichopasuka tena.

Farasi hakerezwi akaisha. Kitako kinatoka kwenye keezo, kichwa kinachongwa kwa mkono. Tumempa fundi wa nakshi za milango, naye amechukua siku moja kwa kila kichwa. Vichwa vinane, siku nane.

Uzito. Mpingo ukitiwa majini unazama, mchungwa unaelea. Mwigizaji anayeshika kipande chepesi anakishika kama kibiriti, na kamera inaona. Tumetoboa vitako vya mchungwa tundu la upana wa milimita 12 na kina cha 15, na kutia risasi ya chubwi za wavuvi, kiasi cha gramu 19. Risasi haikuyeyushwa. Moshi wake ni sumu, na ikimiminwa moto mti unaungua. Imekatwa baridi, ikagandishwa kwa gundi ya sehemu mbili, ikafunikwa kwa kitambaa kinene cha kijani ili mkono usiiguse.

Kosa letu lilikuwa vanishi ya kung'aa. Kila kipande kilibeba duara la taa kichwani kama balbu. Tumepiga msasa upya na kupaka nta ya nyuki kwa kitambaa kikavu. Siku tatu zimepotea.

Wiki ya 4: bao, na hesabu ya 64

Sataranji ina miraba 64. Bao lina kete 64. Karani anaishi ndani ya namba hiyo moja, na hatumwambii mtazamaji.

Tulidhani sini za bao zitakuwa nyepesi kuliko za sataranji. Ni kinyume. Kipande cha sataranji kikisogea mraba mmoja, mjuzi anaona. Kete moja ikidondoka shimo la jirani, mzunguko mzima unaofuata ni uongo, na Unguja na Pemba watakaoona ni wengi kuliko watakaojua sataranji. Kwa hiyo: kadi ya mashimo 32, safu nne za nane, inajazwa namba kabla ya kila teki (kila mara kamera inapopiga sini). Jumla ya mashimo na ya mikononi lazima iwe 64.

Mchezo ukianza, kila mmoja ana kete 10 baoni: sita kwenye nyumba (shimo kuu), na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni. Mkononi 22. Wakati wa kunamua (sehemu ya kwanza ya mchezo), kila zamu inatia kete moja mpya, kwa hiyo baada ya zamu tano mkononi zimebaki 17. Mswada ulikuwa na sini ambayo wachezaji wako katikati ya kunamua, na picha ya majaribio inaonyesha viganja vitupu. Imerekebishwa. Kila mwigizaji anahesabiwa kete mkononi kabla kamera haijawashwa, hata kama mkono hauonekani, kwa sababu ngumi yenye kete 17 haikunjiki kama ngumi tupu.

Kete ni komwe za kweli. Zile za plastiki zinalia kama shanga.

Wiki ya 5: nyumba

Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko ndio uliobeba dari, na urefu wake ndio uliopanga upana wa chumba. Chumba chetu cha klabu kina mita 7.4 kwa 2.8. Meza ikiwa katikati, kamera inabakiwa na mita moja na kitu hadi ukutani. Lenzi ya milimita 35 ndiyo itakayofanya kazi nyingi. Ya 25 inakunja kingo za bao, na bao lililokunjika ni kosa baya zaidi kuliko uso uliokunjika. Tumekubali ufinyu. Wachezaji wawili waliobanwa kati ya kuta mbili za mawe na chokaa ni picha tuliyokuwa tukiitafuta.

Sakafu ya juu ni ya zamani. Watu wasizidi 12 chumbani, vifaa vizito vikae kandokando ya kuta ambako boriti zimeshika, na kuta zisipigwe msumari hata mmoja. Taa zote ni za kusimama. Jenereta iko uchochoro wa pili, waya wa mita 60, na mlango wa uani umefungwa magodoro mawili. Kuta ni nene kiasi cha kuua mawimbi ya maikrofoni zisizo na waya kutoka chumba hadi chumba. Tunatumia za waya.

Ofisi ya karani, kwenye mswada, ni Beit al-Ajaib, ambamo serikali ya wakati ule ilikuwa na ofisi zake. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na hatupigi picha pale. Ofisi imejengwa kwenye sebule ya nyumba hii hii: dirisha moja, meza mbili, majalada ya kamba. Nje tunaonyesha bahari tu.

Mitaani, orodha ya vya kufunika ni ndefu: mita za umeme, madishi, matangi ya plastiki, nyaya, vibao vya hoteli. Kwa sini tatu za uchochoroni tumechagua kona ambazo vitu vinane tu vinafunikwa, kwa jamvi, shubaka la mbao na kanga zilizoanikwa. Kanga nazo zisomwe kabla ya kuanikwa. Jina lililo jipya linaonekana hata likiwa limekunjwa. Baiskeli ziwe na breki za vyuma, zisiwe za waya.

Feni ya dari imezimwa moja kwa moja. Kivuli cha mapanga yake kinapita juu ya bao na hakuna mhariri atakayeweza kuunganisha shoti mbili.

Wiki ya 6: saa

Tumepata saa mbili za mashindano za kimakanika, moja nzima, moja ya kuvuliwa vipuri. Kila saa ina nyuso mbili, vitufe viwili juu, na kibendera kidogo chekundu kinachonyanyuliwa na mkono wa dakika ukikaribia 12, kisha kinaanguka saa ikitimia.

Mashindano ya kwenye filamu yanafuata kanuni iliyokuwa ya kawaida wakati ule: hatua 40 kwa saa mbili na nusu kwa kila mchezaji. Nyuso zote mbili zinaanzia saa tisa na nusu ili kibendera kianguke saa kumi na mbili kamili. Mwangalizi asiyeyajua haya ataona saa zinazokosea majira na kudhani ni kosa letu. Zinaachwa hivyo hivyo.

Kwa mazungumzo, saa haijazwi ufunguo. Vitufe vinacheza kama kawaida, mlio haupo, na mikono inasogezwa kwa kidole kufuata kadi. Mlio wa kweli umerekodiwa peke yake, dakika kumi, saa ikiwa juu ya meza ile ile, kwa sababu mbao ya meza ndiyo inayoipa sauti kifua.

Vitufe vikisimama sawasawa katikati, nyuso zote mbili husimama. Hilo limetupa sini bora ya nusu ya pili. Mchezo wa mwisho unaanza saa nane mchana. Adhana ya Alasiri inapita kwenye shubaka, Maalim, ambaye ndiye mwamuzi, ananyanyua kidole na kuvisawazisha vitufe. Wote wanainuka kwenda kusali. Karani anabaki mlangoni, amegeuza uso, anatazama bao. Hakuna anayesema kitu. Adhana hiyo imerekodiwa bila kupitia spika, mwadhini amesimama darini kwa nyumba ya tatu.

Wiki ya 7: karatasi na bahasha

Hapa ndipo filamu inaposimama au kuanguka.

Kwa kanuni za wakati ule, baada ya saa tano za mchezo, usipomalizika, unaahirishwa. Mchezaji mwenye zamu hachezi baoni. Anaandika hatua yake kwenye karatasi bila mpinzani kuiona, anaitia kwenye bahasha, inafungwa. Juu ya bahasha zinaandikwa nafasi ya vipande, muda wa kila saa na namba ya hatua. Mwamuzi anaishika hadi kesho. Pamoja na mapumziko mawili ya sala, sini hii inaangukia saa mbili kasoro usiku, karibu na Isha.

Karani anaandika R-Q1. Ngome, mraba wa kwanza wa safu ya malkia, ambao kwa mfumo wa leo ni d1. Ngome zake ziko a1 na f1. Hakuna kitu kati ya a1 na d1, wala kati ya f1 na d1. Zote mbili zinaweza kwenda. Alitakiwa kuongeza herufi moja: Q kwa ngome ya upande wa malkia, K kwa ya upande wa mfalme. Hatua iliyofungwa isiyojulikana maana yake inampotezea mwandishi mchezo. Nafasi tumeijenga ili ngome ya f1 ishinde na ya a1 itoe sare tu.

Hakusahau kwa uzembe. Kwa miezi sita hajaona kitu kingine, na usiku ule ngome iliyo a1 haimo tena kichwani mwake. Kwake ngome ni moja. Herufi iliyokosekana ndiyo uraibu wenyewe, na kamera lazima iionyeshe karatasi hiyo kwa sekunde nne bila muziki.

Karatasi ilitutesa. Karatasi za kisasa zina dawa ya weupe, na chini ya taa zinatoa mwanga wa samawati. Tulichemsha majani ya chai vijiko vinne kwa lita moja, tukachuja, tukaacha ipoe, tukalowesha kila karatasi dakika tatu, tukaanika kivulini juu ya meza, tukapiga pasi. Rangi ikawa sawa, lakini wino ukatambaa kama buibui, kwa kuwa maji yameondoa gundi ya karatasi. Dawa ni uwanga mwepesi: kijiko kimoja cha unga wa muhogo kwenye vikombe vitatu vya maji, upikwe hadi uwe kama maji ya mchele, upakwe kwa brashi pana, upigwe pasi tena. Kalamu ya wino inakaa vizuri, na mstari unabaki mwembamba. Tumetengeneza karatasi 40 na bahasha 25. Kila teki inakula moja.

Mwandiko ni wa mwigizaji mwenyewe. Tulifikiria kutumia mkono wa mtu mwingine kwa shoti ya karibu, tukaacha. Mishipa ya mkono inasema zaidi ya maandishi.

Wiki ya 8: mikono

Siku tano za mazoezi, saa tatu kila siku, bao mezani tangu asubuhi.

Mkono uliosogeza kipande ndio unaobonyeza saa. Waigizaji wote wawili walikuwa wakisogeza kwa kulia na kubonyeza kwa kushoto, kwa kuwa ni haraka. Ni kosa la kisheria, na mchezaji yeyote ataliona. Kula kipande kunafanywa kwa mkono mmoja: unanyanyua chako, unakisukumia kingine kwa kitako, unakidaka kwa vidole viwili vya mwisho. Vipande 20 vilianguka sakafuni siku ya kwanza. Siku ya nne, hakuna.

Kuandika hatua kabla ya kuicheza kuliruhusiwa wakati ule, na kukaja kukatazwa mwaka 2005. Kwa hiyo karani anaandika, anatazama, kisha anacheza. Sekunde hizo za katikati ni mali kwa mwigizaji.

Kubwa zaidi ni mkono wa karani kubadilika. Fundi wa bao anachota kwa kiganja na kudondosha moja moja kwa kidole gumba. Mwanzoni anakishika kipande cha sataranji hivyo hivyo, kwa kiganja kizima. Katikati ya filamu anatumia vidole vitatu. Mwishoni viwili, vikavu, na hachoti tena hata kahawa kwa mkono mzima. Hatujaliandika hilo kwenye mazungumzo popote.

Sini ya kugusa kipande ilichukua asubuhi nzima. Sheria: ukigusa, ucheze, isipokuwa umesema mapema kwamba unaweka sawa. Maneno yake:

"Maalim, nlikuwa naweka sawa tu."
"Ushashika, mwanangu. Cheza."

Mwigizaji wa Maalim alikuwa akiipandisha sauti kama hakimu. Imeshushwa hadi ikawa sauti ya mzee anayemwambia mtoto afunge mlango. Ndiyo inayouma.

Wiki ya 9 na 10: upigaji

Siku 11 za ndani zimekwisha, sini 34 kati ya 41. Yaliyokwenda kombo:

Karabai. Za kweli zinavuma, na uvumi wake unaingia kila maikrofoni. Tumetoa matumbo, tukaweka taa ndogo ya betri yenye kirekebisha mwanga, iliyozungushiwa soksi ya karabai yenyewe ili weupe uwe ule ule. Mvumo tumerekodi pembeni. Siku ya pili betri ilichoka katikati ya teki na mwanga ukageuka manjano. Sasa zinabadilishwa kila saa moja na nusu bila kungoja.

Unyevu. Lenzi zikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda uani zinapata ukungu, na kusubiri kukauka ni dakika 25. Kiyoyozi kimezimwa. Lenzi zinalala kwenye sanduku la vifuko vya kukausha, katika joto lile lile la nyumba. Bao la sataranji nalo lilivimba upande mmoja kwa milimita mbili, likawa linatikisika. Limewekewa mbao mbili za kukingama chini.

Bao kugeuzwa. Siku ya nne meza ilihamishwa kupisha taa, ikarudishwa imegeuka robo. Kona ya kulia ya mweupe ikawa nyeusi. Teki sita zikapigwa kabla ya mtu kuona, zote za kutupa. Sasa kona ya h1 ina alama ya chokaa chini ya bao na nyingine juu ya meza, na zisipokutana kamera haiwashwi.

Jasho. Bila feni, mikono inateleza kwenye nta. Unga wa talki unaacha weupe kwenye mpingo. Kitambaa kikavu kati ya teki ndicho kilichosaidia.

Wiki ya 11: meza ya uhariri

Jambo moja la kuandikwa kwa herufi kubwa ukutani mwa mhariri: picha isigeuzwe kushoto kulia. Ni njia ya haraka ya kulinganisha mwelekeo wa macho, nasi tulikuta shoti mbili zimegeuzwa. Zikigeuzwa, malkia na mfalme wanabadilishana nafasi, kona inakuwa nyeusi, na kwenye nafasi ya Réti kitunda cha c6 kinahamia f6. Shoti moja imerudishwa ilivyo. Nyingine haikubaliani na jirani yake hata kidogo, nayo imetolewa, ingawa uso wa karani ulikuwa mzuri.

Mchezo wa mwisho una hatua 41 kabla ya bahasha. Tunaonyesha saba. Jaribio la kwanza lilikuwa na 15 na lilichosha hata waliojua. Hatua zilizobaki zinapita kwa saa: uso wa saa, mkono wa dakika, karatasi inayojaa mstari kwa mstari.

Sini ya sala ina sekunde 48 za kimya. Mmoja wetu anataka zipunguzwe hadi 30. Tutaitazama tena kwa macho mapya Jumatatu.

Bado: sini saba za nje, tatu zikiwa alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa, na moja ya mtaa wa Darajani inayongoja siku isiyo na mvua. Karatasi zimebaki 13, bahasha tisa. Kadi ya mwendelezo ya sini ya 38 ina kasoro kwenye safu ya tano, ngome ya f1 imeandikwa e1, irekebishwe kabla ya Alhamisi.